Mfalme Aliyefukuza Mikono Iliyompamba



Leo tunaanza na ukuta wa fundi cherehani. Ukiingia kwa fundi yeyote hapa kambini, utakuta bango limebandikwa ukutani, limejaa picha za wanawake waliovaa vitenge, kila mtindo na namba yake. Mama anaingia na kitenge chake, anaangalia juu, anasema: "Nishonee kama namba kumi na mbili, ila mikono iwe mifupi." Kwa kinyozi ni vilevile, utakuta vichwa thelathini ukutani, chagua chako. Aliyebuni ile namba kumi na mbili hatumjui. Pengine hajawahi kufika upande huu wa dunia. Lakini mkono wake umefika, maana kila wiki kuna mtu hapa anavaa wazo lake.

Sasa, zaidi ya miaka 300 iliyopita huko Ulaya, kulikuwa na kazi kama hiyo ya bango. Haikuwa ya nguo tu. Ilikuwa ya vitanda, saa, sahani za fedha, milango, bunduki, bustani, hata makaburi ya wakubwa. Mabango yale yalikuwa karatasi zilizochapwa kwa bamba la shaba, na waliozichonga waliitwa wachonga nakshi. Historia yao tumeichagua kwa sababu moja: baadhi yao walikuwa wakimbizi kama sisi. Na ukifuata njia waliyopita, unaona jambo ambalo mfalme mmoja mkubwa sana hakuliona.

Kwanza tuelewe kazi yenyewe

Enzi tunayoizungumzia inaitwa Baroko, yaani kuanzia mwaka 1600 hivi hadi katikati ya miaka ya 1700. Ilikuwa enzi ya mapambo mengi. Tajiri hakutaka meza iwe meza tu. Alitaka miguu yake ijikunje kama mizabibu, pembeni pawe na majani, vichwa vya simba, malaika wadogo, maua yanayomwagika. Lakini fundi wa kijijini angeyajuaje hayo majani ya mjini Paris? Hakukuwa na kamera wala simu. Kilichokuwepo ni karatasi.

Karatasi hiyo ilizaliwa hivi. Mchonga nakshi anachukua bamba la shaba nyekundu, amelisugua mpaka limekuwa laini kama kioo. Analiweka juu ya mto mdogo wa ngozi uliojazwa mchanga. Mkononi ana burini, kipande chembamba cha chuma cha pua chenye ncha kali, na mpini wa mbao unaokaa ndani ya kiganja. Haivuti kama kalamu, anaisukuma mbele. Akitaka mstari upinde, mkono wa kulia unabaki pale pale na mkono wa kushoto unalizungusha bamba juu ya mto. Ndiyo maana mistari ile ina mviringo safi namna ile. Kinachozunguka ni shaba, si mkono.

Ukikosea, hakuna kifutio. Inabidi ukwangue pale palipokosewa, ugeuze bamba, uligonge kwa nyuma ili shaba ipande tena, usugue, uanze upya. Halafu kumbuka kwamba kila kitu unakichonga kinyume. Kulia kwako ni kushoto kwenye karatasi, na maandishi unayaandika kama yanavyoonekana kwenye kioo. Anayechonga mihuri anatuelewa hapo.

Kulikuwa pia na njia ya haraka zaidi. Bamba linapakwa nta au vanishi, unachora juu yake kwa sindano mpaka shaba ionekane, kisha unalimwagia asidi. Asidi inakula pale tu sindano ilipopita. Mafundi wengi walichanganya njia zote mbili: asidi kwa kuanza, burini kwa kumalizia. Mwaka 1645 fundi mmoja wa Paris aitwaye Abraham Bosse, naye Mprotestanti, alichapisha kitabu kilichoeleza kazi yote hii hatua kwa hatua: vanishi inapikwaje, sindano inanolewaje, mashine inajengwaje. Baadaye kikatafsiriwa kwa lugha nyingine. Siri za karakana zikawa kitu cha kusoma.

Bamba likiwa tayari, linapakwa wino mzito wa mafuta, kisha linafutwa kwa kitambaa na mwisho kwa kiganja. Juu panakuwa safi, wino unabaki ndani ya mifereji tu. Unalaza karatasi iliyoloweshwa kidogo, unafunika kwa blanketi, unapitisha vyote katikati ya roli mbili za mbao zinazobana kwa nguvu. Karatasi inaingia ndani ya mifereji na kuunyonya wino. Unaifunua taratibu, na nakshi iko hapo. Unapaka tena, unafuta tena, unachapa tena. Bamba moja liliweza kutoa mamia ya nakala nzuri kabla mistari haijaanza kufifia.

Nakala hizo ziliuzwa kwa vijitabu vidogo, mara nyingi karatasi sita au kumi na mbili. Sonara alinunua, seremala alinunua, mdarizi alinunua. Wengine walizitoboa kwa pini kufuata mistari, wakapaka unga wa mkaa ili mchoro uhamie kwenye kitambaa au mbao. Ndiyo maana nyingi zimepotea. Zilitumika mpaka zikachakaa, kama lile bango la fundi cherehani ambalo pembe zake zimeisha.

Mfalme anataka kupambwa

Ufaransa chini ya Mfalme Louis XIV ndiyo iliyopanda juu kuliko wote katika kazi hii. Louis alielewa kwamba mapambo ni siasa. Jumba lake la Versailles halikujengwa alale tu. Lilijengwa ili balozi wa nchi nyingine akiingia, ajione mdogo. Mwaka 1660 serikali yake ilitoa amri kwamba uchongaji wa picha ni sanaa huru, usifungwe na masharti ya vyama vya mafundi. Kazi ikastawi. Mtu mmoja tu, Jean Lepautre, alichonga mabamba zaidi ya 2,000 maishani mwake. Mwingine, Jean Berain, akawa mchoraji wa mapambo ya mfalme mwenyewe.

Katika mji huo wa Paris, mwaka 1661, alizaliwa mtoto aitwaye Daniel Marot. Baba yake, Jean Marot, alikuwa msanifu wa majengo na mchonga picha. Ndugu wa ukoo wao, Pierre Gole, alitengeneza samani kwa ajili ya mfalme. Kwa hiyo Daniel alikua katikati ya shaba na mbao za kifalme, na bado akiwa kijana akawa anachonga michoro ya Berain. Ukimtazama ungesema maisha yake yamepangwa: atachonga, ataoa, atazeeka Paris, atazikwa Paris.

Tatizo lilikuwa moja. Familia yake ilikuwa ya Wahugenoti, yaani Waprotestanti wa Ufaransa.

Mwaka 1685

Tangu mwaka 1598 Wahugenoti walikuwa na karatasi iliyowalinda, inaitwa Amri ya Nantes, iliyotolewa na Mfalme Henri IV, babu yake Louis. Iliwapa ruhusa ya kusali kwa namna yao katika sehemu zilizotajwa na kufanya kazi kama raia wengine. Louis aliibana kidogo kidogo. Leo kazi hii si yenu, kesho shule ile inafungwa. Kuanzia mwaka 1681 alianza kupeleka askari walale kwenye nyumba za Wahugenoti, wale chakula chao, wavunje vyombo vyao, mpaka wenye nyumba wakubali kubadili dini. Hakuna vita iliyotangazwa. Ni mgeni mwenye bunduki sebuleni tu.

Oktoba 1685 akaifuta amri yenyewe. Makanisa yao yabomolewe. Wachungaji wapewe siku kumi na tano waondoke. Na waumini wa kawaida? Hapo ndipo tunapokuta jambo la ajabu: wao walikatazwa kuondoka. Mwanaume aliyekamatwa mpakani alipelekwa kupiga makasia kwenye merikebu za mfalme akiwa amefungwa minyororo. Mwanamke alifungwa gerezani. Huwezi kubaki kama ulivyo, na huwezi kutoka.

Walitoka hata hivyo. Usiku, ndani ya mapipa ya divai, kwa mashua za wavuvi, kwa kuwalipa walinzi. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba kama watu 150,000 hadi 200,000 waliondoka Ufaransa, wakaenda Uholanzi, Uingereza, Uswisi, nchi za Wajerumani, wengine mbali hadi Afrika Kusini na Marekani. Na hapa kuna jambo ambalo sisi wenyewe hatukulijua kabla ya kuandika makala hii. Lile neno la Kiingereza lililo kwenye kadi zetu, refugee, limetoka kwenye Kifaransa, na liliingia Kiingereza kwa ajili ya watu hawa. Neno tunaloitwa nalo kila siku lilivaliwa kwanza na mafundi saa, wafumaji na wachonga nakshi.

Marot Uholanzi

Daniel Marot alikuwa na miaka 24 hivi alipokimbilia Uholanzi. Hebu tufikirie alibeba nini. Bamba la shaba ni zito na linaonekana. Nyumba haibebeki. Lakini yale majani, ile mizunguko, namna ya kupanga chumba kizima kuanzia dari hadi kiti ili vyote vizungumze lugha moja, hayo yalikuwa kwenye vidole na kichwani. Hakuna mlinzi wa mpaka anayeweza kuyapekua.

Huko alipokelewa na William wa Orange, kiongozi wa Uholanzi na adui mkubwa wa Louis. William alikuwa anajenga jumba la Het Loo, na Marot akabuni mapambo ya ndani na sehemu za bustani. Mwaka 1689 William na mke wake Mary walivikwa taji la Uingereza, na kazi za Marot zikavuka bahari: alichora mpango wa bustani kubwa ya chemchemi kwenye jumba la Hampton Court karibu na London. Mjini The Hague alipamba ukumbi uitwao Trêveszaal, ambao mawaziri wa Uholanzi wameutumia kwa vikao kwa miaka mingi.

Unaona kilichotokea? Louis alipigana na William kwa vita kubwa iliyoanza mwaka 1688 hadi 1697. Na wakati mizinga inalia, adui yake analala kwenye kitanda cha mtindo wa Paris, kilichobuniwa na kijana wa Paris ambaye Louis mwenyewe alimfukuza. Uzuri ambao mfalme alitaka uwe wake peke yake, yeye ndiye aliyeusambaza.

Na Marot hakusahau shaba. Mwaka 1703 alitoa mkusanyo wa kazi zake, zaidi ya karatasi mia moja za nakshi: vitanda vyenye mapazia marefu, mahali pa moto palipopangwa vyombo vya Kichina mpaka juu, saa, magari ya farasi, bustani, makaburi. Kwenye jalada alijiita msanifu wa Mfalme William, ingawa William alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Tunadhani tunamwelewa. Jina la aliyekupokea hulifuti haraka. Kupitia karatasi hizo, maseremala na masonara ambao hawakuwahi kumwona walifanya kazi kwa mkono wake. Alikufa mwaka 1752 mjini The Hague, mzee wa miaka zaidi ya 90. Alizikwa ugenini.

Gribelin London

Mwaka ule ule wa 1661, mji wa Blois, alizaliwa mwenzake Marot, Simon Gribelin, wa ukoo wa mafundi saa na wachongaji. Yeye alisoma dalili mapema. Kama mwaka 1680, kabla amri haijafutwa, alikwisha kwenda London. Mwaka 1682 akatoa kijitabu chake cha kwanza cha nakshi, na mwaka 1686 akakubaliwa kwenye chama cha mafundi saa. Mwaka 1697 alitoa kingine, kwa ajili ya masonara, mafundi saa na mafundi wengine wote.

Kazi yake kubwa ilikuwa kuchonga moja kwa moja kwenye vyombo vya fedha: sinia, visanduku vya tumbaku, vifuniko vya saa. Lakini chombo kikiisha kinakwenda kwa tajiri, na fundi hakioni tena. Gribelin alikuwa na ujanja. Kabla ya kukikabidhi, alijaza wino kwenye mistari aliyoichonga, akagandamiza karatasi yenye unyevu, akapata nakala yake. Mwaka 1722 aliziunganisha nakala hizo kuwa kitabu kimoja, na kitabu hicho leo kiko kwenye Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London. Vyombo vingi vya fedha vya zamani viliyeyushwa kwa sababu ya thamani ya madini. Karatasi, kitu dhaifu kuliko vyote, ndiyo iliyobaki kushuhudia.

Upande ambao hausimuliwi sana

Tungeishia hapa ingekuwa hadithi tamu, lakini tungewadanganya. Si kila Mhugenoti alikuwa Marot. Wengi walifika hawana kitu, wakaishi kwa michango iliyokusanywa makanisani. Na wenyeji hawakufurahi wote. Mwanzoni mwa miaka ya 1700 wafua fedha wa London walilalamika kwamba wageni wenye njaa wanakubali kazi kwa bei ya chini na kuwaharibia soko. Maneno hayo tumewahi kuyasikia, si ndiyo? Mwaka 1709 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwarahisishia Waprotestanti wa kigeni kupata uraia. Haikumaliza miaka mitatu, ikafutwa.

Katikati ya vurugu hizo alikua mtoto mmoja. Paul de Lamerie alizaliwa Uholanzi mwaka 1688, wazazi wake Wahugenoti, akafikishwa London akiwa bado mchanga. Mwaka 1703 alianza kujifunza ufuaji wa fedha kwa Pierre Platel, mkimbizi pia. Akawa mfua fedha maarufu kuliko wote Uingereza ya wakati wake. Leo Waingereza wanaonyesha vyombo vyake kama fahari yao.

Tuseme nini basi?

Kwenye kikundi chetu tulibishana kuhusu makala hii. Kijana mmoja alisema: "Haya yote ni kutuambia tujifunze ufundi tutulie. Mimi nina cheti cha useremala, kiko kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda mwaka wa tatu sasa." Tulinyamaza, maana ana haki.

Tukarudi kumwangalia Marot tena. Ujuzi alikuja nao, ni kweli. Lakini haukumlisha peke yake. Alikuta mtu anayempa kazi, alikuta ruhusa ya kuifanya, alikuta soko la karatasi ambamo jina lake lingeweza kuchapwa. Gribelin alifunguliwa mlango wa chama cha mafundi. De Lamerie alipata wa kumfundisha. Ondoa hayo, na mkono wa Marot ungekuwa cheti kwenye mfuko wa plastiki.

Kwa hiyo neno letu kwa wakubwa wa mashirika ni hili, na tunalisema kwa heshima. Mafunzo mnayotupa tunayashukuru. Lakini mnapohesabu waliohitimu, hesabuni pia waliopata ruhusa ya kutumia walichojifunza. Nchi zilizofungua mlango kwa Wahugenoti hazikupata mzigo tu. Zilipata saa, hariri, vyombo, na mtindo ambao hata adui yao aliuonea wivu.

Na kwetu sisi vijana: tuige ujanja wa Gribelin. Kazi yako ikitoka mkononi, baki na nakala yake. Kama unashona, chora mtindo wako kwenye daftari kabla nguo haijaondoka. Kama unadarizi, weka karatasi ya ua lako. Kama unasuka nywele, piga picha, andika tarehe na jina lako. Hatujui tutakuwa wapi baada ya miaka mitano. Daftari linabebeka.

Yule mwenzetu wa useremala tulimwomba atuletee michoro ya vitanda vyake. Alileta kurasa kumi na moja za daftari la shule. Jumamosi tutazibandika ukutani kwenye ukumbi wetu, kila mchoro na namba yake, na jina lake chini. Karibuni mchague.